Habari za Bwana Futi na Pipa la Mama Mkwe

Enyi mlioketi na enyi mliokosa viti, enyi wenye chai mkononi na enyi mnaoisubiri ichemke, nyamazeni kidogo, zimeni redio, na yule aliyeko msalani mwambieni aharakishe, kwa maana nataka kuwasimulia habari ya mtu mmoja na pipa moja, habari ambayo majemadari wa kale wangeisikia wangeona haya kwa vita vyao vidogo. Ee ulimi wangu, wewe uliyezoea kuomba chumvi na kusingizia homa, leo simama wima! Nipe maneno marefu, nipe na pumzi ya kuyabeba, tena unizuie nisicheke kabla ya wakati, kwa kuwa mtu ninayemsimulia ni shemeji yangu, na ukimcheka shemeji yako mwanzoni kabisa watu watasema una lako jambo.

Nami ninalo, lakini lisubiri.

Shemeji huyo mtaani anaitwa Bwana Futi. Ndiye fundi cherehani, Mwenye Utepe Shingoni, Mshika Mkasi Asiyetetemeka, Mpunguza Viuno na Mteremsha Mapindo. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hushona sare za shule na suti za maharusi, wala hakuna aliyewahi kumlalamikia ila kwa kuchelewesha, na fundi asiyechelewesha bado hajazaliwa. Lakini ikifika Jumamosi, mtu mzima huyu, mwenye mke na watoto na miwani, hufunga duka, huvaa viatu vya kamba, hujaza chupa maji, na kuingia vichakani kutafuta bikoni.

Naona mmekunja nyuso. Bikoni ni yale mawe ya zege waliyoyapanda wapima ardhi wa zamani walipokuwa wakichora ramani, yenye kisahani cha shaba utosini na namba iliyogongwa juu yake. Waliyapanda, wakapima walichopima, wakaenda zao, wakafa, Mungu awarehemu, na mawe yakabaki yakimezwa na nyasi. Basi wapo watu, wenye akili timamu kwa sehemu kubwa, ambao raha yao duniani ni kuyatafuta. Hawayang'oi, hawayauzi, hawayaabudu. Mtu akiliona jiwe anaweka kiatu chake kando, anapiga picha, anaituma kwenye kundi lao la simu pamoja na mshale wa ramani unaoonyesha lilipo, wenzake wanamtumia vikono vya kupiga makofi, kisha anarudi nyumbani suruali imejaa majani ya kunata. Picha bila mshale haihesabiwi. Hiyo ndiyo sheria yao, na hawana nyingine.

Katika mji wetu mawe yote yalikuwa yameshaonekana isipokuwa moja, Namba Kumi na Tisa. Lo, Kumi na Tisa! Jiwe la kiburi, jiwe lililowakondesha wanaume! Wamelitafuta kiangazi wakachomwa na jua, wamelitafuta masika wakapoteza viatu kwenye tope. Mwishowe mkuu wa kundi lao, Mfamasia, mtu wa koti jeupe na maneno makavu, akatangaza kwamba Jumapili jioni ataandika juu ya ramani yao neno moja, IMEPOTEA, na habari ifungwe milele. Bwana Futi alipolisoma tangazo hilo alikuwa kwenye cherehani, na akashona mkono wa shati kwenye kola. Shati hilo nimeliona kwa macho yangu, na mwenyewe alilikataa.

Sasa vueni viatu, tuingie nyumbani kwa mama yangu mzazi, mama mkwe wa Bwana Futi, Malkia wa Ua wa Nyuma, Mwenye Ndoo Isiyokosa Shabaha. Nyumba hiyo na ua wake aliachiwa na marehemu baba, na hana kingine duniani ukituacha sisi wanawe, na akitutazama vizuri, hasa akinitazama mimi ambaye bado nala kwake na sioni aibu, anaona afadhali ahesabu ua. Mwaka ule barabara ilipopanuliwa walikuja vijana wenye vizibao vya kung'aa na vyombo vya miguu mitatu, wakapima, wakapaka X nyekundu kwenye kuta, na jirani yetu wa kushoto akakatwa sebule. Mpaka leo anapokea wageni jikoni. Tangu siku hiyo mama akimwona mtu anapima chochote, roho inamruka. Hata muuza nyama akitoa mizani yeye hutazama pembeni. Na siku Mfamasia alipopita nyuma ya nyumba yetu, ameinua simu usawa wa pua, anazungukazunguka akimtafuta huyo Kumi na Tisa wake, maji ya kuoshea vyombo yaliruka ukuta yakamkuta. Aliondoka na jani la mchicha begani.

Halafu binti wa pekee wa mwanamke huyo akaenda kuolewa na mtu mwenye utepe shingoni!

Mama hakukataa, ila hakuzoea. "Anatafuta mawe ya nini huko maporini," alikuwa akiniuliza, "kama si kwenda kuwaonyesha wenzake?" Na kwa miaka yote ya ndoa hiyo, mimi ni shahidi, hakuwahi hata mara moja kumwita mkwe wake "mwanangu". Muuza mkaa anaitwa mwanangu. Fundi bomba, ambaye alikula hela ya watu akatokomea, anaitwa mwanangu. Yule aliyetuibia beseni, siku alipokamatwa, mama alimshika bega akamwambia, "Mwanangu, kwa nini?" Lakini Bwana Futi aliitwa "huyo bwana", tena akiwa amekaa hapo hapo mbele yake. Mwambie huyo bwana chai ipo. Muulize huyo bwana kama ameshiba. Naye Bwana Futi, aliyefiwa na mama yake angali mdogo, alijibu, "Asante, mama," akalimeza. Dada yangu aliniambia kwamba siku hizo wakirudi nyumbani mumewe hukiacha chakula mpaka kinapoa. Lilimuuma neno hilo, na hapo sifanyi mchezo.

Ikawa siku zile pipa la maji la mama, lililosimama kwenye pembe ya ua tangu ningali nasoma shule, likaanza kuvuja. Pipa hilo si la kuchezea. Ni la buluu, pana, zito, na likijaa hata mbwa wa jirani hulipisha njia. Ilitakiwa mtu mwenye nguvu alisogeze ili lizibwe, na mwenye nguvu nyumbani nilikuwa mimi, na mimi nikapatwa na mgongo. Ni ugonjwa wa kweli, msinicheke, unanishika kila nikisikia neno "sogeza". Mama akangoja, akachoka kungoja, akamweleza dada. Dada akaja, akalitazama pipa, akanitazama mimi kwenye kigoda, akatoa hukumu:

"Jumamosi mume wangu atakuja kuliziba."

"Uani kwangu?" mama akashtuka. "Huyo bwana?"

Kwa kuwa jueni kwamba Bwana Futi, mkwe mwenye adabu, alikuwa hajawahi kuvuka sebule. Ua wa mama mkwe, penye nguo zake za kuanika, si mahali pa mkwe kuzuruzuru. Yeye na kochi la mlangoni, magoti yamebanana, anatazama kitambaa cha meza.

"Basi mwambie huyu," dada akasema, akininyooshea kidole.

Mama alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. "Aje," akasema.

Bwana Futi alipoletewa amri hiyo alisimama katikati ya duka lake, utepe ukining'inia, akapaza sauti: "Ewe mke wangu, mwandani wa maisha yangu, Jumamosi gani hiyo unayoninyang'anya? Ndiyo Jumamosi ya mwisho! Kesho yake Mfamasia anafunga kitabu, na jina langu litabaki jina la mtu aliyeshindwa na jiwe! Watoto wangu nitawaambia nini?"

"Waambie pipa la bibi yao linavuja," akajibu dada yangu.

Akatoa simu kwa uchungu, kulitazama kwa mara ya mwisho lile eneo analonyimwa. Na hapo, wasikilizaji wangu, uso wake ukabadilika. Mshale wa Kumi na Tisa, ule wa kukisia kwa hesabu za wapimaji, ulikuwa umesimama kwenye kiwanda cha seremala, mgongo kwa mgongo na nyumba ya mama mkwe wake, nyumba ambayo yeye aliijua kwa mlango wa mbele tu! Akakubali upesi sana, kwa unyenyekevu sana, mpaka dada akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi ikafika. Shujaa akaingia na mfuko wa vifaa, akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba kupitia kwangu, kisha akasema anakimbia mara moja kwa seremala kununua misumari. Misumari ya kuzibia pipa la plastiki! Dada alimtazama tu akienda. Mimi nikamfuata, maana mgongo wangu hauna tatizo na matembezi.

Seremala alikuwa anapiga randa. "Wewe ni wa ngapi sasa?" akauliza bila kuinua kichwa. "Wenzako wamechimba hapa mpaka nikadhani nina dhahabu."

"Mimi sikuja kuchimba tu, ewe bwana wa mbao," akatamka Bwana Futi. "Nimekuja kumaliza!"

"Ukimaliza fukia."

Akaingia vitani. Alitumbukiza chuma kwenye lundo la vumbi la mbao, akapima kwa utepe kutoka pembe hii hadi pembe ile, akalala kifudifudi chini ya benchi, akatoka, akapiga chafya, akarudi tena. Akafukua bawaba. Akafukua kijiko. Akafukua patasi ambayo seremala aliililia msimu mzima na kumfukuzia fundi msaidizi, na hapo seremala akamkumbatia. Lakini bikoni hakuna. Maana hesabu za wapimaji wa kale si hesabu za simu za leo, na mshale humfikisha mtu karibu tu, haumfikishi penyewe. Wao wote wanalijua hilo, na kwingineko huzunguka mpaka wakaona. Ila hapa ukizunguka kidogo unakutana na ukuta wa mama, na nyuma ya ukuta kuna ndoo.

Akarudi polepole, nyusi zimejaa unga wa mbao. "Shemeji," akaniambia mlangoni, "nimeshindwa. Acha Mfamasia aandike." Sikupata la kumcheka, na si kawaida yangu.

Ndipo akavuka sebule, na mguu wake wa kwanza ukakanyaga ua.

Mimi nilikwishakaa kwenye kigoda, tayari kutoa ushauri. Tuliteka maji ndoo kwa ndoo, yaani yeye aliteka, mpaka yakabaki ya chini yasiyofikiwa na ndoo. Kisha shujaa akakunja mikono ya shati, akaweka miwani mfukoni, akasimama mbele ya adui akamhutubia: "Ewe pipa, jabali la buluu, mnywa mvua usiyeshiba! Mimi leo nimekosa nilichokitafuta, na mtu aliyekosa hana tena cha kuogopa. Umesimama hapa ukiwadharau wanaume wa nyumba hii, na tena ni mwanamume mmoja, na anaumwa mgongo. Jiandae!"

Mama akachungulia mlango wa jikoni. "Anaongea na nani huyo bwana?"

"Na pipa, mama," nikajibu.

"Mwambie halina masikio."

Akalikumbatia. Pipa halikutikisika. Akalisukuma kwa bega, nalo likamjibu kwa kummwagia maji kifuani. Akateleza, akapiga goti, akainuka na tope hadi pajani, akalizunguka, akalishambulia ubavuni. "Kulia!" nikapiga kelele. "Nyanyua kisigino chake! Hapana, cha kwake, si cha kwako!" Likainama. Likasimama juu ya ukingo wake, likayumba kati ya ushindi na mguu wa kushoto wa shujaa. Kisha, kwa mlio wa tumbo lenye njaa, likabingirika hadi chini ya kamba ya nguo, na adui akalala.

Pale liliposimama palibaki duara jeusi la tope. Palikuwa na jongoo wengi, na ndala yangu ya utotoni ambayo nilichapwa kwa kuipoteza. Na katikati palikuwa na zege. Na katikati ya zege, kitu cha mviringo, kijani.

Bwana Futi akavaa miwani. Akapiga magoti. Akashika ncha ya utepe wake, akafuta mara moja, akafuta mara ya pili.

"Shemeji," akanong'ona. "Kumi na tisa."

Niliruka kutoka kwenye kigoda, na hadi leo mama ananikumbusha jinsi nilivyoruka.

Beseni likaanguka jikoni. "Funika!" mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Funika hilo jiwe!"

"Mama, ulikuwa unajua?" dada akauliza.

"Nisijue vipi? Ni mimi niliyelifunika. Siku waliyomkata jirani sebule nilibingirisha pipa hapo peke yangu, baba yenu hajamaliza hata mwezi kaburini, nikalijaza. Nikasema wakija wasilione. Wasipoliona hawana pa kuanzia." Kisha akamgeukia Bwana Futi, na kwa mara ya kwanza hakumtuma mtu. "Haya, wewe. Umelipata. Mpigie huyo mwenzako niliyemmwagia maji. Mwambie aje na rangi yake nyekundu. Mimi sina ua mwingine, lakini mpigie."

Na simu, ee wasikilizaji, ilikuwa tayari mkononi! Mkono ulikuwa umeitoa wenyewe, kwa mazoea, na kiatu kilikwishasogea kando ya kisahani, na mshale umewaka. Kilibaki kidole kimoja tu. Nikamwona Bwana Futi anakitazama kidole hicho. Akagusa tu, Jumapili Mfamasia anapaliwa na chai yake, vikono vya makofi vinamiminika, na jina la fundi cherehani linasomwa kila inapofika ramani ile.

"Mama," akasema, "hii si ya barabara. Ilipandwa hapa barabara yenyewe haijazaliwa. Haikati sebule ya mtu."

"Wewe unajua hivyo. Na wao watakaoiona huko kwenye masimu yenu, watajua?"

Bwana Futi akageuza macho kwenye ukuta wa jirani aliyekatwa sebule. Kisha akavuta pumzi, na nikajua hotuba inakuja: "Mama, mimi niliyezunguka mabonde na makorongo, mimi niliyeumwa na nyuki kwa ajili ya Namba Saba na kukimbizwa na ng'ombe kwa ajili ya Namba Kumi na Mbili, mimi niliye..."

"Fupisha."

"Siwaambii," akasema.

Akaizima simu, akaitia mfukoni. Hakupiga picha. Akakifuta kisahani kwa mkono wa shati, akakitazama kidogo tu, akaniambia, "Shika huku." Na mimi, mashahidi wapo, nikashika. Akakata kipande cha mpira wa tairi la ndani kwa ule mkasi wake wa suti, mkasi ambao watoto wake hawaruhusiwi hata kuugusa, akakigandisha kwa gundi juu ya ufa, akakikandamiza kwa goti mpaka kikashika. Kisha tukalisimamisha pipa, tukalirudisha pembeni mwake, yeye mbele ananguruma, mimi nyuma nalia.

Mama alikuwa amekunja mikono, anasimamia.

"Kushoto kidogo," akasema.

Bwana Futi akasukuma.

"Kidogo tena, mwanangu. Bado linaonekana."

Bwana Futi akasukuma tena, ingawa pipa lilikwisha kufika, akabaki amelikumbatia, uso ameuficha upande wa ukutani. Dada akaanza kuanika nguo zilizokuwa zimekauka. Mimi vumbi la mbao liliniingia machoni, na kiwanda cha seremala kiko ng'ambo ya ukuta.

Jumapili jioni kiti cha mkwe kilikuwa uani, na kikombe chake juu ya mfuniko wa pipa, pipa ambalo halivuji. Simu ikalia. Mfamasia alikuwa ameandika: IMEPOTEA. TUMEFUNGA. Shemeji yangu akausoma ujumbe huo mara mbili, maana katika dunia nzima ni yeye peke yake wa kundi lile aliyejua, na alikuwa amekaa umbali wa goti tu na jiwe lenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja: "Mungu ailaze mahali pema."

"Wanasemaje hao wenzako?" mama akamuuliza, yeye mwenyewe, ana kwa ana.

"Wanasema limepotea, mama."

"Wape pole," mama akasema, akammiminia chai nyingine.

Na lile langu jambo ni hili: tangu siku hiyo mama akinipita kwenye kigoda ananiambia, "Mtazame mwenzio." Kila Jumamosi Bwana Futi yupo pale, anasogeza vitu. Mimi nimekula katika nyumba ile tangu kuzaliwa, na leo mnofu unakwenda kwake kwanza. Lakini haki ni haki, na mimi ni mwandishi wa habari za mashujaa. Basi na ikumbukwe na wote wenye kukumbuka, katika zama hizi na zama za wajukuu, kwamba palikuwa na fundi cherehani aliyeingia uani akiwa huyo bwana, akatoka mwanangu, na hakuna ramani iliyoonyesha.

Mkiniuliza ua huo uko wapi, mtakesha. Nimewapa vita vyote, kipigo kwa kipigo, mpaka ndala yangu. Mlango sikuwapa. Na lile pipa, kwa taarifa yenu, si la buluu.